Kemia Haiingii Kichwani: Tafuta Hitilafu Kabla ya Kununua Kitabu Kingine

Kauli ninayoisikia kuliko zote ni "mimi na kemia hatuelewani". Inayofuata ni "nitajie kitabu kizuri". Kwa muda niliokaa meza moja na wanafunzi wa sekondari, daftari upande huu na mtihani uliojaa wino mwekundu upande ule, nimeona mara nyingi kwamba kitabu hakina kosa. Hitilafu ya kemia ina tabia ya kujitokeza mbali na ilikozaliwa. Swali la asidi limekosewa kwa sababu ya fomula. Fomula imekosewa kwa sababu ya chaji. Na chaji zilifundishwa wiki ambayo mwanafunzi alikuwa mgonjwa, miaka miwili iliyopita. Fundi wa redio habadilishi spika kwa kuwa tu redio imenyamaza. Anaanza na betri.

Kwa hiyo anza na kipimo cha robo saa. Chukua mtihani wako wa mwisho uliosahihishwa. Kando ya kila alama uliyopoteza andika herufi moja: K kama ulisahau, H kama hesabu ilikushinda, F kama fomula au mlinganyo haukuwa sahihi, L kama hukuelewa swali linataka nini, M kama muda uliisha. Hesabu herufi zako. Iliyojaa zaidi ndiyo ikuelekeze kwenye dalili ya kuanza nayo. Usisome mwongozo huu wote kwa mkupuo na kuanza kurekebisha kila kitu leo. Utarekebisha siku mbili, ya tatu utachoka.

Dalili: Darasani naelewa, kwenye mtihani natoka kapa

Chanzo kinachoongoza ni kusoma kwa macho. Unarudia ukurasa mara nne, kila mara unauona mwepesi zaidi, unaamini umeingia. Kumbe umeuzoea tu, kama unavyozoea sura ya mtu usiyemjua jina. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio yanayoonesha jambo hili vizuri. Kundi moja lilisoma kifungu na kukirudia. Jingine lilikisoma, kisha likajaribu kukiandika bila kukitazama. Walipopimwa dakika 5 baadaye, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliojilazimisha kukumbuka ndio waliokuwa mbele. Mtihani wako hauji dakika 5 baada ya kufunga kitabu.

Ukaguzi: funga kila kitu, chukua karatasi tupu, andika kwa dakika 10 yote unayoyajua kuhusu mada ya wiki iliyopita, pamoja na milinganyo yake. Kisha fungua kitabu ujisahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Rangi ya pili ikitawala ukurasa, umeshapata hitilafu. Dawa ni ukaguzi huohuo, ukirudiwa kesho, baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Unaudhi, najua. Kule kuudhi ndiko kazi yenyewe.

Chanzo cha pili ni kusoma mifano iliyotatuliwa kama hadithi. Kila mstari unakubalika, kichwa kinaitikia, na mkono haujafanya lolote. Funika utatuzi kwa karatasi uache swali peke yake. Andika mstari wako wa kwanza, shusha karatasi mstari mmoja, linganisha, endelea.

Kuna cha tatu ambacho wazazi hawapendi nikikitaja: daftari zuri mno. Nimeona madaftari ya rangi tano, vichwa vya habari vimepigiwa mistari kwa rula, na mwenye daftari hawezi kukwambia ayoni (atomi au kundi la atomi lenye chaji) ya salfeti ina chaji gani. Saa mbili zimeishia kwenye kupamba.

Dalili: Hesabu za moli hazikubali

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, na nitakaa hapa kidogo.

*Chanzo cha kwanza: uwiano.* Kabla ya kugusa kemia, jibu hili: kila meza inahitaji miguu 4 na ubao 1. Una miguu 20 na mbao 7. Utaunda meza ngapi, na kitabaki nini? Kama umepata meza 5 na mbao 2 za kubaki, basi umekwisha kutatua swali la kitendanishi kinachokwisha kwanza, lile linalotisha watu vitabuni. Huna tatizo la akili ya hesabu. Una tatizo la kuvuka kutoka meza kwenda atomi. Kama umekwama kwenye meza, acha kemia wiki moja, rudi kwenye uwiano na sehemu katika kitabu cha hisabati cha darasa la chini. Hakuna aibu, na hakuna kitabu cha kemia kitakachokufanyia kazi hiyo.

*Chanzo cha pili: gramu zimechukuliwa kuwa moli.* Binti mmoja niliyekuwa nikimfundisha alipewa swali hili: gramu 25 za kalisiamu kabonati zimechomwa mpaka zikaisha, je, kalisiamu oksaidi itakuwa gramu ngapi? Akaandika mlinganyo bila kosa:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Chini yake akaandika: "Uwiano ni 1:1, kwa hiyo gramu 25." Nikamuuliza, na gesi iliyotoka je? Akafikiri, akasema nayo gramu 25, kwa sababu nayo ni 1:1. Nikanyamaza. Baada ya kitambo akasema mwenyewe, "Zimekuwa 50. Nyingine zimetoka wapi?"

Uwiano wa mlinganyo ni wa idadi, si wa uzito. Moli ni jina la idadi, kama dazeni au korija. Dazeni ni 12, korija ni 20, moli ni 6.02 × 10²³. Dazeni ya sindano na dazeni ya matofali zina idadi moja, ila hakuna atakayekubaliana nawe kwamba zina uzito mmoja. Kwa hiyo njia hupita daima katika vituo vitatu: gramu kwenda moli, moli kwenda moli kwa uwiano wa mlinganyo, moli kurudi gramu. Kwa swali la binti yule, moli moja ya CaCO₃ ina gramu 100, basi gramu 25 ni moli 0.25. Uwiano ni 1:1, kwa hiyo CaO ni moli 0.25. Moli moja ya CaO ina gramu 56, basi jibu ni gramu 14. Gesi nayo ni 0.25 × 44, yaani gramu 11. Jumlisha 14 na 11: zimerudi 25. Hesabu hii ya kurudi nyuma haimalizi nusu dakika na huokoa alama nyingi.

*Chanzo cha tatu: vipimo.* Swali linasema sentimita za ujazo 25 za mmumunyo wa sodiamu haidroksaidi wenye moli 0.1 kwa kila desimita ya ujazo. Mwanafunzi anazidisha 25 kwa 0.1 anapata moli 2.5. Jiulize: moli 2.5 za sodiamu haidroksaidi ni gramu 100. Gramu 100 zimekaaje katika maji yasiyojaza vijiko viwili vikubwa? Ulipaswa kugawa 25 kwa 1000 kwanza upate 0.025, na jibu liwe moli 0.0025. Tabia moja inatosha kuondoa kosa hili: usiandike namba yoyote bila kipimo chake ubavuni, hata katika hatua za katikati.

*Chanzo cha nne: kikokotoo.* Ukibonyeza 6.02, kisha × 10, kisha kitufe cha EXP na 23, umepata jibu kubwa mara kumi, maana EXP tayari inabeba "mara kumi kwa kipeo cha". Bonyeza 6.02 EXP 23 basi. Nimewahi kutumia jioni nzima kutafuta kosa la dhana kwa kijana ambaye kosa lake lilikuwa kidole.

Dalili: Mlinganyo hausawaziki hata nikikesha

Karibu kila mara, mlinganyo unaogoma una fomula mbovu ndani yake. Ukiandika alumini oksaidi kuwa AlO, au magnesiamu kloraidi kuwa MgCl, utasawazisha kitu kisichokuwepo. Ukaguzi: bila kutazama popote, andika chaji za sodiamu, magnesiamu, alumini, amonia iliyo ayoni (amoniamu), kloraidi, oksaidi, haidroksaidi, naitreti, kabonati, salfeti na fosfeti. Ni kumi na moja tu. Ukikosa zaidi ya mbili, acha kusawazisha kwanza, ujifunze hizi mpaka zitoke bila kufikiri. Ndiyo, ni kukariri. Kukariri kumesemwa vibaya sana siku hizi, lakini huwezi kufikiri kwa maneno usiyoyakumbuka.

Chanzo cha pili ni kubadilisha tarakimu ndogo ya chini. Oksijeni imepungua upande wa kulia, mwanafunzi anageuza H₂O kuwa H₂O₂, hesabu inakaa sawa, anafurahi. Amegeuza maji kuwa haidrojeni peroksaidi. Namba unayoruhusiwa kuigusa ni ile kubwa ya mbele peke yake.

Fomula zikiwa sahihi na bado unazunguka, tatizo ni mpangilio. Anza na metali, halafu visivyo metali, haidrojeni baadaye, oksijeni mwisho, kwa sababu mara nyingi oksijeni imetapakaa kila mahali. Jaribu kwa alumini na oksijeni: utafika kwenye 4Al + 3O₂ → 2Al₂O₃. Ukifika bila kufuta zaidi ya mara moja, umepona.

Dalili: Nina vitabu vitatu na kila kimoja kinasema lake

Mara nyingi vitabu havigombani. Vinatumia makubaliano tofauti. Mfano unaosumbua zaidi ni ujazo wa moli moja ya gesi. Kimoja kinasema lita 22.4, kingine 22.7, kingine 24. Vyote viko sawa. Ya kwanza ni kwa nyuzi sifuri za Selsiasi na shinikizo la atmosifia 1. Ya pili ni kwa nyuzi hizohizo lakini shinikizo la baa 1, ambalo shirika la kimataifa la kemia, IUPAC, lililifanya kuwa la kawaida tangu 1982. Ya tatu ni ya joto la chumbani. Gesi ya binti yetu, moli 0.25, itakuwa lita 5.6 au lita 6.0 kutegemea unasimama wapi. Tumia ile iliyoandikwa katika swali au katika silabasi yako, basi.

Ndivyo ilivyo pia kwa namba za makundi ya jedwali la elementi: kuna vitabu vinavyohesabu mpaka VIII na vingine mpaka 18. Klorini ya kundi la VII na klorini ya kundi la 17 ni ileile. Mpangilio wa elektroni nao, kimoja kitaandika 2,8,1 kwa sodiamu na kingine 1s² 2s² 2p⁶ 3s¹. Kama silabasi yako inaishia kwenye ya kwanza, ya pili iache ikusubiri.

Chanzo cha pili ni kitabu kisicho cha ngazi yako. Mwanafunzi anayeyumba akipewa kitabu cha chuo kikuu kwa sababu "kina kila kitu" atazama. Kina kila kitu, na hicho ndicho kinachomzamisha.

Makosa halisi ya uchapaji yapo, hasa katika majibu ya nyuma ya kitabu. Lakini yaweke mwisho wa orodha. Kabla ya kusema kitabu kimekosea, tatua swali mara mbili kwa siku mbili tofauti, umpe na mwenzako alitatue bila kuona kazi yako.

Ukiwa na hakika kwamba kweli unahitaji kitabu, kipime hivi ukiwa umekishika mkononi. Usifungue sura ya kwanza; sura ya kwanza ya kila kitabu ni tamu. Nenda kwenye mada iliyokushinda. Soma kurasa mbili. Je, mifano imetatuliwa hatua kwa hatua, au imeruka kutoka swali hadi jibu? Je, kila alama imeelezwa ilipotokea mara ya kwanza? Mazoezi yana majibu? Yanaanza mepesi kisha yanapanda? Kuna faharasa nyuma, ili usiku ukitafuta neno ulipate? Mwisho, tatua zoezi moja la mada hiyo kwa msaada wa kitabu hicho peke yake. Kikikufikisha, ni chako. Kisipokufikisha, sifa zake kwa watu wengine hazikusaidii.

Kitabu cha zamani si kibaya. Hesabu za moli na kusawazisha milinganyo havijabadilika, na baadhi ya vitabu vikuukuu vina mazoezi mengi kuliko vipya. Ila jedwali lake lisiloonesha nihoniamu (113) au oganesoni (118) limetangulia 2016, mwaka majina hayo yalipoidhinishwa. Tumia jedwali jipya pembeni. Vitabu vya "maswali na majibu" vitupu, visivyo na maelezo, ni kama ufunguo wa nyumba usiyoijua mtaa. Vinafaa wiki za mwisho, si mwanzo wa safari.

Kimoja kikuu kinachofuata silabasi, kimoja cha mazoezi, na mitihani iliyopita. Ukiongeza cha nne, ujue unakikimbia cha kwanza.

Dalili: Nimejibu vizuri, kumbe si swali lililoulizwa

Kemia inachukua maneno ya kawaida na kuyapa kazi nyingine. Asidi kali si asidi iliyokolea. Ukali ni kiasi ambacho molekuli zake huachia ayoni ndani ya maji. Ukolezo ni wingi wake katika mmumunyo. Asidi ya siki ni dhaifu hata ikikolea, na asidi ya haidrokloriki ni kali hata ikizimuliwa. Anayesoma kemia kwa lugha ya pili ana mzigo maradufu hapa, kwa hiyo aweke kijidaftari cha maneno: neno, maana yake ya kikemia, na sentensi moja aliyoitunga mwenyewe.

Angalia pia kitenzi cha swali. "Taja" inataka neno. "Eleza kwa nini" inataka sababu. Ukiulizwa kwa nini chumvi iliyoyeyushwa kwa joto hupitisha umeme, jibu ni kwamba ayoni zake sasa ziko huru kutembea. Wanaoandika "elektroni zinatembea" wamekariri jibu la metali na kulipeleka kusikohusika.

Dalili: Vipimo vya titresheni havifanani

Titresheni ni kupima ukolezo wa mmumunyo kwa kuudondoshea mwingine unaojulikana kutoka kwenye bureti, mrija mrefu wenye vipimo. Kwa kawaida vipimo viwili vinatakiwa visitofautiane zaidi ya sentimita za ujazo 0.10. Vikipishana, kagua kwa mfuatano huu: kiputo cha hewa kwenye ncha ya bureti, faneli iliyosahauliwa juu, inayodondosha tone baadaye, jicho lisilo usawa mmoja na bonde la kimiminika, na kusoma bureti kinyume, maana sifuri yake iko juu. Halafu usuuzaji. Bureti isuuzwe mwisho kwa mmumunyo utakaowekwa ndani yake, ila chupa ya koni isuuzwe kwa maji safi tu. Ukiisuuza kwa mmumunyo, umeongeza moli usizozihesabu.

Simama hapa: mambo yasiyo ya kujitibu

Usifanye majaribio nyumbani ili "uelewe kwa vitendo". Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini ikichanganywa na asidi hutoa gesi ya klorini, na ikichanganywa na amonia hutoa gesi nyingine za sumu. Maabarani, asidi ya salfuriki iliyokolea humiminwa taratibu ndani ya maji, kamwe maji yasimiminwe ndani yake. Kemikali ikiruka machoni, osha hapohapo kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, mwenzako akimwita mwalimu, kisha uende hospitali hata kama maumivu yametulia.

Namba zikikuchanganya katika masomo yote, herufi zikikurukaruka, au ubao ukiwa ukungu, tatizo si la kemia. Anza na kupima macho. Kisha shule ikuunganishe na mtaalamu wa matatizo ya kujifunza. Kukosa usingizi majuma mazima, kutapika kabla ya kila mtihani, au kukata tamaa kusikoondoka kunahitaji mshauri au daktari, na haraka. Ratiba ya kusoma haitibu hayo.

Kwa swali la kawaida, kipimo changu ni dakika 20 za kujaribu kwa kalamu. Zikiisha, nenda kwa mwalimu, lakini usiende na "sielewi moli". Nenda na karatasi yako: "Nimefika moli 0.25, mbona hapa tunazidisha kwa 56 na si kwa 100?" Swali la kwanza litakupa somo zima upya. La pili litajibiwa mkiwa mmesimama mlangoni.

Na ukitafuta mwalimu wa ziada, mpe kipindi kimoja cha majaribio, kisha tazama kalamu ilikuwa mkononi mwa nani. Ikiwa saa nzima ilikuwa mkononi mwake, tafuta mwingine.